Mabeki Wawili wa Karabai

Jumapili mlikuja kwangu kundi zima, soksi zimevutwa mpaka magotini kama vile mpira unaanza sasa hivi. Mkaniamkia vizuri mno. Shikamoo babu, shikamoo babu, huku na huku. Nikajua hapa kuna jambo, maana mtoto wa siku hizi hakupi shikamoo mbili bure. Kumbe mnataka nitie saini kwenye rufaa yenu. Mmefungwa, mmefungwa vibaya, na mnadai yule winga aliyewafunga ni Mrundi wa kambini, kwa hiyo matokeo yafutwe mpewe pointi za mezani.

Nikawaambia nendeni, nitawajibu. Basi jibu ndilo hili, na mtalisoma lote mpaka mwisho, msiliruke kama mnavyoruka mazoezi.

Kwanza tumalizane na huyo winga. Mimi nilikuwepo uwanjani, nilikaa pale nyuma ya goli na goti langu bovu. Yule kijana hakuwafunga kwa sababu ni Mrundi. Amewafunga kwa sababu beki wenu wa kulia alikuwa anautazama mpira. Jamani, mpira unautazama wa nini? Mpira wenyewe haujui unakwenda wapi! Anayejua ni kiuno cha mwenye mpira. Miguu itakudanganya, mabega yatakudanganya, macho ndiyo usiseme, lakini mtu hawezi kwenda kulia kiuno chake kikabaki kushoto. Hayo alinifundisha Mwalimu Sudi, kuli wa bandarini. Mchana kutwa anabeba magunia, jioni anatufundisha mpira. Alikuwa ananishika kichwa kwa mikono miwili, anakiinamisha kwa nguvu, anafoka: "Kiuno, we mbuzi! Tazama kiuno!" Akina mama waliokuwa wakipita na ndoo za dagaa walituangalia kwa mashaka makubwa.

Na yule mlinda mlango wenu aliyekuwa anarekebisha nywele wakati kona inapigwa, huyo sitaki hata kumzungumzia. Nikimzungumzia presha inapanda.

Mimi nilikuwa beki wa kati. Ligi Kuu niliisikia redioni kama nyie mnavyoisikia. Sikuwahi kuitwa popote, sikuwahi kupanda treni kwenda Dar kwa ajili ya mpira. Nimecheza hapa hapa Kigoma, timu nyingi kuliko mashati niliyokuwa nayo. Kuna timu ilinisajili kwa baiskeli. Nilipokwenda kuichukua nikakuta kocha bado anaiendesha, akaniambia nisubiri kidogo afike nyumbani. Kuna nyingine ilivunjika mapumziko, katikati ya mechi, viongozi wamegombana, na jezi wakatuvua pale pale. Mashabiki waliniita Nanga. Miaka yote nikajua ni sifa, kwamba beki huyu hang'oki. Kumbe walimaanisha sikimbii.

Katika timu zote hizo, niliyoipenda ni Karabai ya Katonga. Ilikuwa timu ya wavuvi wa dagaa, na jina lilitokana na zile taa wanazowasha ziwani. Nyie mliozaliwa mjini sikilizeni, maana hata dagaa wenyewe mnawajua kwa kula tu. Dagaa huvuliwa gizani. Unawasha karabai, dagaa wanaufuata mwanga, unawazungushia wavu. Mwezi ukiwa mkubwa, taa yako dagaa hawana habari nayo, kwa hiyo watu wanabaki nchi kavu wanashona nyavu na kugombana na wake zao. Ndiyo maana Karabai tulicheza mechi zetu siku za mbalamwezi. Mwezi ukiwa mpana sisi ni simba. Wakati wa giza timu haipo, iko ziwani, na ikirudi asubuhi inalala.

Mimi sikuwa mvuvi. Nilianika dagaa pale mchangani Katonga, kazi ya kufukuza kunguru. Na mwingine asiyekuwa mvuvi katika timu alikuwa mwenzangu wa pale nyuma, Rajabu.

Rajabu alikuwa Mrundi. Nasema wazi sasa kwa sababu hakuna tena wa kumfanya kitu. Miaka ile vita ilikuwa imewaka kwao, na watu walivuka kwa mitumbwi na kwa miguu, wengine na godoro kichwani, wengine hata kiatu hawana. Amri ilikuwa moja, mkimbizi akae kambini, huko Kasulu na Kibondo, na akikutwa mjini anarudishwa. Rajabu alikaa kambini kidogo, ikamshinda, akaja Ujiji kwa shangazi yake. Akaoa hapo hapo Ujiji, mke wake Zaina, akawa anatengeneza baiskeli karibu na soko. Na alikuwa amekulia Bujumbura mitaa ya Waswahili. Kiswahili chake kilikuwa kitamu kama cha mtu wa Pangani. Mimi Mha wa Mwamgongo nikisimama karibu naye tukaongea, ungesema mgeni ni mimi.

Sasa msidhani namsifu. Alinichosha yule mtu! Mnajua mtego wa kuotea, au siku hizi mnaufundishwa kwenye simu? Mabeki wote mnapanda kwa pamoja, mshambuliaji anabaki nyuma yenu, mwamuzi anapuliza. Kwa pamoja! Si mmoja leo mwingine kesho. Mimi nacheza kulia, Rajabu kushoto kwangu, na mwenye kutoa amri ni mimi. Nilikuwa nafoka kwa Kiha, "Duga!" maana yake panda, sogea juu. Kiha na Kirundi ni ndugu wa karibu mno, neno hilo ni la kwao na la kwetu. Basi nafoka duga, napanda, beki wa pembeni anapanda, halafu nageuka namwona Rajabu yuko kule kule nyuma, mkono juu, anamlilia mwamuzi kwamba mshambuliaji ameotea. Ameotea wapi na wewe umesimama nyuma yake? Mabao tuliyofungwa kwa mkono ule wa Rajabu, mimi mpaka leo nikiyakumbuka nakosa hamu ya chai.

"Unasubiri nini?" nilimuuliza kila mechi.

"Nahakikisha, kaka," anasema. "Siwezi kupanda tu bila kuhakikisha."

Wakati wa giza, wavuvi wakiwa kazini, nilimchukua mara nyingi tukapanda boti kwenda kwetu Mwamgongo, kaskazini kule baada ya Gombe. Mama yangu alimpokea kwa makelele. Mama hakujua kupokea mtu kwa namna nyingine. Aliweka ugali wa muhogo na migebuka, samaki wa ziwani, iliyopikwa kwa mawese, kisha anakaa pembeni analalamika kwa Kiha: mtazameni anavyokula, huyu anakula kama anayehama, na asante hasemi. Rajabu anacheka, anaomba aongezwe. Mama anamwongezea huku analalamika. Alikuwa mkali hivyo hivyo kwangu, kwa kuku, na kwa mchungaji.

Nakuja kwenye rufaa, msiwe na haraka.

Msimu ule tulikuwa mkiani. Ili tusishuke daraja tulihitaji kuifunga Mawese ya Ujiji, timu ya wafanyabiashara wa sokoni, wenye jezi zinazofanana na viatu vya rangi moja. Ratiba ikatoka. Kuangalia tarehe, mechi imeangukia giza totoro. Mwalimu Sudi, ambaye ndiye alikuwa kocha wetu Karabai, akaenda kuwaomba watu wa ligi wasogeze mbele kidogo, mwezi ukue. Wakamwambia mzee, ligi ya mkoa haiwezi kusubiri mwezi. Na wavuvi wetu nao wakakataa kata kata kubaki nchi kavu, kwa sababu ndizo siku dagaa walikuwa wamejaa ziwani, na watoto hawali mpira.

Kwa hiyo timu ilishuka kwenye mitumbwi asubuhi, ikaanika dagaa, ikaja uwanjani mchana ikiwa imelala. Sitanii. Kipa wetu aliegemea mlingoti wa goli akaanza kukoroma. Winga wetu wa kushoto alirusha mpira wa pembeni akauelekeza nje ya uwanja. Waliokuwa macho ni mimi na Rajabu. Mwalimu Sudi akatuita, akatushika mashati: "Nyie wawili msinyamaze hata kidogo. Mkinyamaza tu, hawa wanalala."

Tukapiga kelele mwanzo mpaka mwisho. Duga! Garuka, rudi! Amka we, amka! Tulitukana kwa Kiha, tukatukana kwa Kirundi, tukaimba. Rajabu kwa kuchoka akasahau kabisa Kiswahili chake cha Pangani, akawa anafoka kama yuko kwao. Na ajabu ya Mungu, tukashinda. Mpira ulimgonga mshambuliaji wetu mgongoni akiwa amepiga magoti anafunga kamba za kiatu, ukaingia. Kwa kweli nadhani hakuwa anafunga kamba. Nadhani alikuwa amelala.

Mawese hawakukubali. Na nani angekubali kufungwa na watu waliolala? Katibu wao alikuwa mfanyabiashara aliyewahi kuuza vitenge Bujumbura, na katika zile kelele akakitambua Kirundi. Akakata rufaa kwamba mmoja wa mabeki wa kati wa Karabai ni mkimbizi wa Burundi. Mmoja wa wawili, ila hakujua yupi.

Mnaona huo wepesi? Kama mlivyofanya nyie Jumapili. Yule katibu, ukimuuliza, hakuwa na ugomvi na mtu. Alikuwa anatafuta pointi zake tu. Lakini miaka ile jina likithibitishwa pale kwenye kamati, halibaki kwenye kamati, linapelekwa kwa wahusika, na wahusika wanakuja na gari. Zaina alikuwa mjamzito, tumbo limeshuka, anasubiri siku tu. Rajabu alikuja kwangu Katonga na spana yake mkononi, sijui kwa nini aliibeba, akakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akaniambia, "Kaka, wakinichukua sasa, mtoto atazaliwa mimi nikiwa sipo."

Nikamwambia nyamaza, hawakuchukui. Nilisema kwa sauti kubwa kwa sababu nilikuwa naogopa.

Kamati ilikaa mchana katika darasa la shule ya msingi. Mwenyekiti alikuwa afisa aliyehamishiwa Kigoma kutoka Tanga, mtu mpole, mwenye miwani, aliyeonekana kabisa kwamba angependa kuwa mahali pengine. Sote tukabanwa kwenye madawati ya watoto, magoti yanagusa kidevu.

Wakaanza na Rajabu. Amezaliwa wapi? Akasema anakaa Ujiji, kwa shangazi yake, mke wake ni wa Ujiji. Hakudanganya hata neno, ila alijibu anachotaka yeye. Na aliyasema kwa Kiswahili kile chake, naam mheshimiwa, la hasha mheshimiwa, mpaka mwenyekiti akaacha kalamu akawa anasikiliza kama mtu anayesikia habari za nyumbani. "Kijana huyu ni Mswahili hasa," akawaambia wenzake. "Kwa huyu hakuna shaka."

Wakaja kwangu.

Sasa mimi nikiwa na hasira Kiswahili kinanikimbia. Kinatoka vipande vipande na Kiha kinaingia katikati.

"Umezaliwa wapi?"

"Mwamgongo."

"Hospitali?"

"Hospitali gani, mzee? Nyumbani."

"Mwamgongo iko karibu na mpaka?"

"Karibu kabisa."

"Kwa hiyo mtu anaweza kutoka Burundi kwa mtumbwi akafika kwenu?"

"Kila siku!" nikasema. "Hata jana wamekuja."

Mwalimu Sudi pale nyuma akajishika kichwa. Nilijikaanga mwenyewe, kwa mafuta yangu mwenyewe. Wajumbe wakatazamana. Mwenyekiti akaniangalia kwa huruma, akasema polepole kama anaongea na mgonjwa, "Ndugu yangu, ni afadhali useme ukweli."

Ukweli! Mimi Mha, baba Mha, babu Mha, naambiwa niseme ukweli! Nilitaka kucheka, nikaona hawacheki. Walikuwa wameshakubaliana kwamba mkimbizi ni mimi. Na hapo nikaelewa kwamba gari likija linanichukua mimi. Ili nitoke ilinitosha kunyoosha kidole kushoto kwangu. Sikukinyoosha, lakini msiniite shujaa. Nilibana mikono katikati ya magoti ili kidole kisije kikanyooka chenyewe, na moyoni nilimlaani Rajabu, na katibu, na aliyepanga mechi wakati wa giza.

Rajabu akasimama.

"Mheshimiwa mwenyekiti," akasema, "mnamshika Mha. Mrundi ni mimi."

Nikamvuta shati. Mjinga huyu! Miaka yote namfokea apande hapandi, leo ndiyo anapanda, hapa, peke yake! Nikamwambia kwa Kiha kaa chini, kaa chini, mkeo atajifungua na nani? Akanitoa mkono.

Na mnajua mwenyekiti alifanya nini? Akatabasamu. "Kaa chini, kijana," akasema. "Moyo wako mzuri, lakini usimtetee mwenzio kwa uongo. Mrundi gani anaongea hivi?"

Rajabu kasimama mdomo wazi. Amejitoa mwenyewe na hawamtaki. Mimi wananitaka na sijajitoa. Katibu wa Mawese mwenyewe akawa anakuna shingo, hajui tena rufaa yake inamhusu nani. Mwisho mwenyekiti akasema mimi nilete mzazi au jamaa wa kunithibitisha kabla ya Ijumaa, la sivyo jina langu linapelekwa.

Ndiyo mama akaja, kwa boti, na kuku chini ya kwapa. Yule kuku hakuwa zawadi ya mtu. Alisema tu hawezi kumwacha, jirani zake ni wezi. Akaingia darasani, akakataa kukaa kwenye dawati.

Mama Kiswahili alikijua vizuri sana, alikuwa anauza dagaa Kigoma kabla mimi sijazaliwa. Lakini siku ile akaamua hakijui. Mwenyekiti anamwamkia kwa heshima, shikamoo mama, yeye anamtazama tu. Mwenyekiti akaomba mtu wa kutafsiri. Mimi siruhusiwi, kesi ni yangu. Mwalimu Sudi ni Mmanyema, Kiha chake ni cha matusi tu. Wajumbe wote wa kuja. Mwenyekiti akazungusha macho darasani, akamwona yule kijana wake mwenye Kiswahili kizuri.

"Wewe, unasikia Kiha?"

"Nasikia, mheshimiwa," akasema Rajabu.

Akasogea, akasimama kati ya mama na meza. Mwenyekiti akauliza kama mimi ni mwanawe. Rajabu akamgeuzia swali. Mama akalipuka. Nani kamzaa kama si yeye? Alilia siku nzima na huyu, kichwa kilikuwa kikubwa kama boga, mkunga alitaka kukimbia, waulizeni watu wa Mwamgongo! Rajabu akatafsiri yote, boga na mkunga, kwa adabu ya ajabu, na wajumbe wakacheka mpaka mmoja akafuta machozi. Mwenyekiti akaandika. Mimi nikapona hapo hapo, nikapumua kwa mara ya kwanza wiki ile.

Nikadhani yameisha. Mwenyekiti akaweka kalamu, halafu akaishika tena.

"Na muulize kitu kimoja cha mwisho," akasema. "Wewe mwenyewe juzi ulisimama hapa ukasema ni Mrundi. Muulize mama kama anakujua wewe ni nani."

Rajabu hakugeuka mara moja. Aliangalia ubao. Kisha akamgeukia mama akamuuliza, neno kwa neno, hakupunguza kitu. Mama, wanauliza mimi ni nani.

Mama alimtazama juu mpaka chini kwa ile hasira yake ya siku zote, kama vile kamkuta anachungulia chungu. Akamhamisha kuku kwapa la pili. Akasema, kwa Kiha, na mimi nawaambia kama alivyosema: "Mwambie huyo bwana kwamba huyu wa kwanza nilimpata kwa uchungu, na wewe nilikupata pwani, umelowa, hujui hata kushukuru chakula. Sikuomba nipewe wewe. Lakini umekula kwangu, umelala kwangu, ukiugua nitaitwa mimi, na ukifa nitalia mimi. Sasa wanataka kujua nini zaidi? Wewe ni mwana wanje."

Mwana wanje ni mwanangu. Nadhani hilo hata nyie mmelielewa.

"Anasemaje?" akauliza mwenyekiti.

Rajabu akafungua mdomo, sauti haikutoka. Akajaribu tena. Yule mtu mwenye Kiswahili cha Pangani, wa naam na la hasha, alisimama pale midomo inacheza na hakuna neno hata moja. Mwenyekiti akasubiri. Wajumbe wakaacha kucheka.

Nikasimama mimi, kesi au si kesi. "Mzee," nikasema, kwa Kiswahili changu kile kibovu, "anasema sisi sote wawili watoto wake."

Mwenyekiti akaniangalia. "Maneno yote yale, ni hayo tu?"

"Kiha kirefu, mzee."

Akamwangalia mama, akamwangalia Rajabu aliyekuwa anajifuta uso kwa shati. Alivua miwani, akaipangusa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Alielewa au hakuelewa, mimi sijui, na nilikutana naye mjini mara nyingi baadaye sikuthubutu kumuuliza. Alisema tu, "Basi, mama amesema," akafunga faili. Rufaa ikatupwa. Katibu wa Mawese akaja kumpa mama mkono, mama akampa kuku amshikie wakati yeye anafunga kilemba chake, kisha akamnyang'anya.

Zaina alijifungua wiki ile ile, mtoto wa kike, na Rajabu alikuwepo. Mkitaka kujua, na bado tulishuka daraja. Mechi ya mwisho tulifungwa bao la kijinga kabisa, mimi napanda, Rajabu kasimama nyuma, mkono juu, anahakikisha.

Amani iliporudi kwao aliondoka na mkewe na watoto, nami nikaachana na mpira kwa sababu ya goti. Tulisalimiana kupitia watu wa boti, salamu zinakuja na nanasi au sabuni. Simu zilipokuja tukapigiana, anazungumza taratibu vile vile, mimi namkatiza.

Mama alifariki wakati wa masika. Tulimzika kwetu Mwamgongo, juu kidogo ya pwani, umati mkubwa, watu aliowagombeza maisha yao yote. Mchungaji akafika kwenye sehemu ile ya udongo, akasema watoto wa marehemu wasogee mbele. Tukasogea, mimi na dada zangu, tukapanga mstari. Kushoto kwangu palikuwa wazi.

Nikageuka. Kumbe Rajabu alikuwa ameshuka na boti ya asubuhi. Alikuwa kule nyuma kabisa, pamoja na mabaharia, mvi kichwani, suruali imelowa mpaka magotini, kofia kaishika mkononi. Alikuwa anamtazama mchungaji, ananitazama mimi, anawatazama watu. Anahakikisha! Mpaka siku ile, mbele ya kaburi la mama, mtu mzima na wajukuu, anahakikisha kwanza kama anaruhusiwa!

Hasira zikanipanda zote, za miaka yote.

"Duga!" nikamfokea.

Watu wote wakageuka. Na Rajabu akapanda, papo hapo, bila kuangalia pembeni, akapita katikati ya umati mpaka akasimama kushoto kwangu, akainama, akachota udongo.